Jina letu ndani ya dosie ya msitu

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano mkuu wa wanachama, Baraka)

Komite ilituomba tuseme juu ya msitu na wanyama wa pori, na tuliambiwa tusipite nusu saa, kwa sababu kuna watu waliotoka mbali na watarudi kwa miguu. Tutajaribu.

Tutasema «sisi» kwa namna mbili, mtuvumilie. Mara nyingine ni sisi wa ofisi, tunaotembea vijijini na karatasi na GPS. Mara nyingine ni sisi tuliorudi. Kwa wengi wetu katika timu ni watu wale wale: tulimaliza masomo ya shule kambini, tukarudi, tukaenda chuo kikuu, na sasa tunapita vijiji ambavyo wazazi wetu walivikimbia.

Tuanze na kuni. Mliokuwa Nyarugusu au Lugufu mnakumbuka kuni. Chakula cha mgao kilikuja: unga wa mahindi, maharagwe, mafuta. Lakini maharagwe hayaivi kwa maneno. Wamama walikuwa wanatoka kambini kutafuta kuni, na sheria ilisema mkimbizi asipite kilometa 4 bila ruhusa. Waliokamatwa huko wanajua wenyewe yaliyowapata, hatutayarudia mbele ya watoto. Wenyeji walituona kama watu wanaomaliza msitu wao. Na tukisema ukweli, tulikuwa tunaumaliza. Hakuna aliyetuita tukae chini, tupange mti gani ukatwe na mti gani uachwe. Tulikata haraka haraka, juu kesho yake tungeweza kufukuzwa fasi ile.

Tunakumbusha hayo kwa sababu mtu asiye na neno juu ya msitu anaukata kama mwizi. Ana haraka, anakata usiku, anachukua kilicho karibu. Na leo hapa kwetu Fizi iko hatari tuliorudi tukawa tena watu wa namna hiyo, safari hii kwenye misitu ya babu zetu wenyewe.

Tuwaeleze jambo lililotupata. Kijiji hatutakitaja, wenyewe wapo humu ndani na watajijua. Ni kijiji cha juu, ukiacha ziwa na kuelekea milimani. Wazee wake walitaka kuomba msitu wao uwe konsesio ya jamii, na walituomba tuwasaidie kutengeneza ramani. Tulifika wakati wa kiangazi na picha za sateliti, tukatembea pamoja na chifu, wazee wanne na wawindaji wawili. Wawindaji walituonyesha chemchemi ya mto, na juu yake, kwenye miti, viota vya sokomutu, wale ambao Tanzania wanaitwa sokwe. Vilikuwa vingi, vingine bado na majani mabichi. Tulifurahi sana. Tulichora mstari kuzunguka fasi ile yote, tukaandika «eneo la kulindwa, hakuna kulima, hakuna kuwinda». Wazee walikubali, chifu akapiga muhuri. Kazi safi, tukarudi Baraka.

Wiki tatu baadaye, mama mmoja alifika ofisini na kijana wake mkubwa. Mama huyu alirudi kutoka Nyarugusu, na alikuwa bado anakaa kwa shemeji yake hapa mjini, akingoja nguvu ya kujenga kule juu. Alisema maneno mafupi: «Mulichora shamba ya bwana yangu ndani ya ile msitu yenu.»

Sisi tulimjibu kwa adabu kwamba haiwezekani, ile ni pori, tumeiona kwa macho na kwa sateliti. Akasema: «Twendeni.»

Tulikwenda. Chini ya ile miti ya majani mapana kama mwavuli, inayoota upesi mahali shamba liliachwa, kulikuwa na michikichi sita imesimama kwa mstari. Mchikichi wa porini haujipangi kwa mstari. Mbele kidogo kulikuwa na mawe matatu ya jiko. Na mbele tena, kaburi la baba mkwe wake. Sokomutu walikuwa wanakuja pale kula ngazi za michikichi ile ile. Kwa hiyo wawindaji hawakutudanganya, na mama hakutudanganya. Waliokosa ni sisi.

Sateliti inaona majani tu. Haijui kwamba mwenye shamba alikimbia vita mwaka 1996, na kwamba alikaa miaka zaidi ya kumi ng'ambo ya ziwa akiwaambia watoto wake, «kule nyumbani tuko na shamba karibu na chemchemi». Muda ule wote shamba lilikuwa linalala, na usingizi wa shamba ukawa nyumba ya mnyama. Tunaomba mlikumbuke jambo hili, kwa sababu kwa mnyama miaka yetu ya ukimbizi ilikuwa miaka ya kupumua katika mashamba tuliyoyaacha, ingawa ndani zaidi, kwenye misitu mikubwa, vita ile ile ilimmaliza kwa risasi na kwa njaa ya watu.

Kwa nini mama hakuwepo siku ya mkutano? Hakuna aliyemwita. Kijijini walimhesabu kama mtu wa Tanzania. Watoto wake waliozaliwa kambini wanasema Kiswahili cha Kigoma, wakicheka wengine wanawacheka. Na sisi wa ofisi tulikusanya watu tuliowakuta, tukawaita «jamii».

Sasa tuseme sheria, kidogo tu, na mtaona inagusa mambo hayo.

Sheria ya misitu ya Kongo ni ile namba 011/2002 ya tarehe 29 mwezi wa 8 mwaka 2002. Kifungu chake cha 22 kinasema jamii ya mahali inaweza kuomba, kwa jina la konsesio, msitu ambao inaushika kwa desturi. Tulingoja miaka 12 ili dekre itoke ya kueleza namna ya kuomba: namba 14/018 ya tarehe 2 mwezi wa 8 mwaka 2014. Konsesio inatolewa na gavana wa jimbo. Inaweza kufika hektari 50,000, ni kama mraba wa kilometa 22 kila upande. Anayetaka kuelewa ukubwa huo atembee mpaka wake siku moja ya mvua. Inatolewa bure. (Bure kwenye karatasi. Pikipiki, chakula cha mkutano, fotokopi, hivyo si bure, wafadhili tutawarudia.) Haitolewi ndani ya mbuga au hifadhi ambayo Leta imekwisha kuiweka. Na inatolewa kwa daima.

Wengi wanapiga makofi tukifika kwenye neno hilo «daima». Sisi linatuogopesha kidogo. Kama dosie imefungwa na jina la ukoo wako halimo, nawe umefungiwa nje kwa daima. Sheria ile ile ya 2002 inaeleza jamii ya mahali ni nani: ni watu wanaoishi kwa mpango wa desturi, wenye undugu wa ukoo au wa kizazi, na walioshikamana na ardhi fulani. Mtu aliyekuwa Kigoma miaka 15 ameshikamana na ardhi gani? Sisi tunajibu: ile ile ya kaburi la baba mkwe. Lakini jibu hilo lazima lisemwe mkutanoni, mbele ya watu, na liandikwe. Halitajiandika lenyewe.

Kuna tena arete namba 025 ya tarehe 9 mwezi wa 2 mwaka 2016, inayoeleza namna konsesio inavyoendeshwa. Inataka mkutano wa jamii, komite ya kuongoza, komite nyingine ya kuangalia na kupima kazi, na baraza la wazee. Tafadhali mshike hapo: mkutano wa jamii, si mkutano wa komite. Tumeona mahali komite imekaa watu saba, wanne ni wa nyumba moja, na mbao zinatoka kila wiki. Ile si konsesio ya jamii, ni duka la familia lenye muhuri wa gavana.

Kuna watu watatuuliza: kwa nini tusiachie Leta iweke mbuga, walinzi wakae pale, mnyama apone? Tujibu kwa yale tunayoyajua ya jimbo letu.

Mbuga ya Kahuzi-Biega iliwekwa mwaka 1970, hektari 60,000 za msitu wa mlimani. Mwaka 1975 ikapanuliwa kuelekea bonde la chini hadi hektari 600,000, mara kumi. Batwa waliokaa ndani walitolewa, bila ardhi nyingine. Mwaka 2018, mwezi wa 10, kikundi chao kikarudi ndani ya mbuga. Wao pia ni warudi, tusisahau hilo. Yaliyofuata ni mabaya pande zote: watu walikufa, Batwa na walinzi, na miti mingi ikawa makala. Waliotajirika na makala ile si Batwa, ni wale wenye malori na wenye bunduki. Baadaye Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu iliamua kwamba haki za Batwa wale zilivunjwa; uamuzi ulitangazwa mwaka 2024. Kwa hiyo hesabu ya miaka 50 ni hii: Mutwa alipoteza, na gorila naye alipoteza.

Itombwe ni karibu zaidi na sisi. Mwaka 2006 hifadhi iliwekwa kwa arete iliyotiwa sahihi Kinshasa, na wenye msitu, Babembe, Balega na wengine, walisikia baadaye. Watu walikasirika. Lakini pale kitu kingine kilifanyika. Hawakuacha mambo hivyo: mashirika na wazee walikaa, wakatembea, wakachora kijiji kwa kijiji, miaka mingi. Mwaka 2016 mipaka mipya ilitiwa sahihi jimboni, na ndani yake kuna sehemu ya kulindwa kabisa, sehemu ya matumizi mbalimbali, na sehemu ya vijiji na mashamba. Hatusemi Itombwe ni paradiso. Kuna dhahabu, kuna silaha, kuna ng'ombe na magomvi ya ng'ombe. Lakini ukimuuliza mzee wa kule mpaka uko wapi, anakuonyesha mto na kilima kwa kidole, na anakuambia nani alikuwepo siku ya kuuchora.

Na hesabu za gorila wenyewe zinatufundisha. Gorila wetu wa mashariki, anayeitwa wa Grauer, hayupo nchi nyingine yoyote duniani, ni Kongo peke yake. Kabla ya vita za miaka ya 1990 walikadiriwa kuwa kama 17,000. Mwaka 2016 watafiti walitoa hesabu ya 3,800. Mwaka 2021 wakatoa nyingine: 6,800. Msifikiri walizaliana haraka hivyo katika miaka mitano, gorila si kuku. Ni kwamba hesabu ilifanywa vizuri zaidi na ikafika fasi ambazo haikufika mwanzoni, pamoja na msitu wa jamii wa Oku, unaopakana na Kahuzi-Biega. Kumbe walikuwa pale, katika msitu wa watu.

Mfano mmoja wa ng'ambo, halafu tuache safari. Si mbali na Kigoma, pale tulipopandia meli za kurudi Baraka kuanzia mwaka 2005, kuna mbuga ndogo ya Gombe. Mama Jane Goodall alianza kuwachunguza sokomutu pale mwaka 1960. Mbuga ni ndogo sana, na miaka ya 1990 vilima vya nje vilikuwa vimebaki uchi kwa mashamba na kuni. Sokomutu walikuwa wamefungiwa kama kwenye kisiwa. Mwaka 1994 shirika lake likaanza kazi na vijiji: maji, mashamba, shule za wasichana, na baadaye mipango ya ardhi ya kila kijiji. Tanzania ilitoa sheria yake ya misitu mwaka ule ule wa 2002 kama sisi, na inaruhusu kijiji kutenga msitu wake. Vijiji vile vilitenga misitu juu ya vilima, wakachagua vijana wao wa kuilinda. Kuna vilima vimeanza kurudi kuwa kijani. Tulikuwa majirani zao miaka yote ile, tunagombania kuni, na hatukujua.

Sasa tunageukia upande wetu, na hapa labda makofi yatapungua.

Tukisema msitu uko wetu, tukubali pia kitu kinachotubana. Si kila mwanachama humu ndani anataka konsesio juu ya sokomutu. Wengine wanaitaka kwa mbao, wengine kwa makala, wengine wanafikiri juu ya nyama. Tunawaelewa. Mtu aliyerudi bila kitu, na shamba lake limekaliwa na mwingine, anaingia porini kwa sababu pori halimwulizi karatasi.

Lakini mtego wa waya hauchagui. Umeutega kwa ajili ya swala mdogo, unamkamata sokomutu mkono. Anavuta, waya unaingia ndani ya nyama, anabaki kilema au anaoza. Sokomutu jike anazaa mtoto mmoja, halafu anakaa karibu miaka mitano kabla ya kuzaa mwingine. Gorila ni kama miaka minne. Tembo anabeba mimba miezi 22. Ndezi, yeye, anazaa watoto kadhaa kwa mara moja na anarudi kuzaa mwaka ule ule. Wazee walijua tofauti hii bila kwenda chuo. Ndiyo maana kulikuwa na miiko, ukoo huu hauli mnyama huyu, msimu huu hakuna kuwinda. Sheria ya Leta nayo inakataza kabisa kumgusa sokomutu, gorila na tembo, na sheria ya uwindaji ya mwaka 1982 inataka msimu na ruhusa. Kwa hiyo konsesio haifungui mlango wa kuua wale watatu. Anayetuambia kwamba «sasa msitu ni wetu, tuue tunachotaka» anatutafutia jela.

Katika kijiji tulichotaja, wawindaji wenyewe walipendekeza: waya hapana, kabisa, ndezi na wanyama wadogo wa karibu na mashamba sawa, juu ya mto ule wa pili hakuna kuwinda. Tulishangaa, tulitegemea wagome. Mmoja akatueleza kwamba nyama haibaki kijijini tena. Inaondoka imekaushwa kwenda kwenye machimbo ya dhahabu, anayepata faida ni mchuuzi, na wao wanatembea mbali zaidi kila mwaka kwa kitu kidogo zaidi. Alisema: «Babu yangu alikuwa anawindia nyuma ya nyumba.» Wamama wao waliongeza neno lingine: watoto hawali nyama ile hata hivyo, wanakula sombe. Wanachotaka wao ni dende, wale wanyama wadogo wa kufuga jikoni, na ndagala wafike juu kwa bei ya mtu. Tuliandika hayo yote. Halikuwa neno la sokomutu, lakini lilikuwa neno lenye kumsaidia sokomutu kuliko mabango yetu.

Kuna deni ambalo hatujalilipa: mazao. Unapoacha msitu karibu na shamba, nyani anakuja, nguruwe pori anakuja, sokomutu anakuja kwenye ndizi na mahindi. Tumewaona watoto wanaokosa masomo mwezi mzima kwa sababu wanalinda mahindi. Mtu anayelala njaa kwa ajili ya mnyama wa pori ana haki ya kuuliza nani anamlipa, na kwa sasa jibu ni kwamba hakuna anayemlipa. Tumejaribu zamu za kulinda, kila nyumba siku yake, na kupanda mahindi mbali na ukingo wa msitu. Inasaidia kidogo. Mtu akija kuwaambia kwamba tatizo hili limekwisha, mwulizeni shamba lake liko wapi.

Tusijifanye pia hatujui kwamba kuna misitu ambako sheria ni bunduki. Huko hatuchori ramani, tunangoja. Karatasi haisimamishi risasi, na hatutamtuma kijana wa kijiji apige doria penye watu wenye silaha ili ripoti yetu ipendeze.

Turudi kwa mama. Mkutano uliitwa upya, mara mbili, na safari hii tuliomba chama chetu kituletee majina ya familia zote zilizorudi au zilizo njiani, hata zile zinazokaa Baraka na Uvira. Batwa wa upande ule nao waliitwa, mara ya kwanza walikuja wawili wakakaa nyuma, mara ya pili walikuja wengi na mmoja akasema. Alisahihisha majina ya mito miwili kwenye ramani yetu.

Mwishowe walikubaliana hivi. Sehemu ya chini, yenye michikichi na kaburi, ilitoka ndani ya eneo la kulindwa na kuandikwa kwa jina la nyumba ya mama. Sehemu ya juu, kwenye chemchemi na viota, ikabaki kulindwa, na ukoo ukampa badala yake kipande karibu na barabara. Mama alikubali, siku ya pili, baada ya kwenda kukipima kile kipande kwa hatua zake mwenyewe. Alisema ni kidogo kuliko alichoacha, na ni kweli ni kidogo. Tulipima. Shemeji yake hajakubali mpaka leo. Anasema sokomutu wamepata mawakili wenye diploma na yeye hana hata mmoja. Watu walicheka, lakini ana haki ya neno lake, na pingamizi lake limeandikwa kwenye ripoti ya mkutano pamoja na mengine. Dosie haijaenda kwa gavana bado.

Na kwenu, wafadhili wetu. Mnatusaidia sana, tunasema asante kwa moyo. Lakini mvumilie neno moja. Proje inakuja ya miezi 12. Miezi mitatu ya kwanza ni kununua vifaa, miezi miwili ya mwisho ni kuandika ripoti. Katikati tunatakiwa kuonyesha hektari: hektari ngapi zimelindwa, kwa namba. Hapo ndipo tunapochora mstari haraka na kupita juu ya kaburi la mtu. Kosa lile lilikuwa letu, tumekwisha kulisema, lakini lilikuwa na haraka nyuma yake. Wakati sokomutu mmoja anazaa mtoto mmoja, nyinyi mmefunga proje nne. Tunaomba mlipie vitu visivyopendeza kwenye picha: siku za kukaa na kubishana, nauli ya wale walio Baraka wapande kwenye mkutano wa kijiji chao, mkutano wa pili na wa tatu. Magari tunayo ya kutosha. Na mtuulize pia, kabla ya hektari, ni nani ambaye hakuwepo siku ya kuchora.

Mwanachama mmoja alituuliza mlangoni kuhusu watu wanaopita vijijini na mikataba ya kaboni. Jibu letu ni fupi: msitie sahihi. Leteni karatasi ile kwanza kwa komite, isomwe kwa Kiswahili, mbele ya wote.

Sasa kazi. Vijiji viwili vingine vimeomba kuanza mwezi ujao. Kabla hatujapanda, tunahitaji orodha ya familia zao zilizo hapa mjini, zilizo Uvira, na hata zilizobaki Nyarugusu. Katibu ana daftari pale mezani. Andika jina la ukoo, jina la kijiji, jina la mto au kilima ulipokuwa na shamba, na jina la jirani aliyelima kando yako, kwa sababu jirani ndiye shahidi. Wamama waandike majina yao wenyewe, si ya mabwana peke yake. Waliozaliwa kambini na hawajui kilima, waje na bibi au babu. Wale watakaotembea mpaka pamoja nasi wajiandikishe kwenye ukurasa wa nyuma. Ni siku sita, tunalala huko huko. Chakula kipo. Mabuti hayatoshi, mwenye yake aje nayo.